Saa ya Volga ya Ergash

Rafiki yangu Ergash, wa Samarkand, aliapa kwamba saa ya dashibodi ya gari la Volga la marehemu baba yake ingetembea kabla ya gari hilo kumbeba binti yake siku ya harusi. Mara nne aliichomoa akaisafisha. Mezani ilitembea; ikirudishwa garini, ilikufa.

“Baba Nigora, bibi harusi ana haja gani na saa?” mkewe alimtania mlangoni mwa gereji.

“Niache, mwanamke! Imenichosha roho!”

Akaichomoa tena kwa hasira. Mara umeme ukakatika, giza totoro. Saa ilikuwa kiganjani mwake, kimya. Lakini wote wawili walisikia: tik, tik, tik. Mlio ulitoka kwenye tundu tupu la dashibodi.

Ukasita. Kisha, humo ndani, mtu akatia saa ufunguo, taratibu.