Fundo Moja Lililobaki

Marehemu alikuwa amelala chali kati ya magunia ya chakula cha kuku, mkono wake bado umeshika kopo la kupimia. Risasi ilikuwa imemwingia kifuani. Hatua mbili kutoka miguuni pake ilikuwepo bunduki yake, ya risasi moja, ile ya kukunjwa katikati. Kuukuu kweli, kitako kimefungwa waya.

Inspekta alichuchumaa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kuangalia kitu mpaka kitu chenyewe kione haya. Aliona bunduki imefungwa sawasawa, mtutu umekaa mahali pake. Aliona pia kiuzi cha buluu kimefungwa karibu na kifyatuo. Kiuzi kilikuwa na fundo moja.

Mpwa wa marehemu alisimama mlangoni pa stoo.

"Ilikuwa imeegemezwa ukutani," alisema. "Mjomba alikuwa anachota chakula. Akaigonga kwa kiwiko, ikaanguka, ikalia."

"Uliigusa?"

"Hata kidogo, afande. Iko vile vile ilivyoanguka."

"Na huo mkono?"

Aliutazama mkono wake wa kushoto uliofungwa bandeji kana kwamba ameazimwa. "Taa ya vifaranga. Imeniunguza asubuhi."

Sajini alikuwa ameshafika saa mbili kabla, na mtuhumiwa alikuwa naye tayari.

"Kesi imejimaliza, afande. Bunduki ilikuwa kwa fundi wiki nzima, imerudi juzi. Nimemkamata. Amekiri mwenyewe kwamba ilikuwa mbovu. Nimeandika, ameweka dole gumba."

"Mbovu vipi?"

Sajini alifungua daftari, akalisoma, akalifunga. "Mbovu tu, afande. Mbovu ni mbovu."

* * *

Fundi alikuwa mahabusu, hana viatu, hana mkanda, suruali ameishika kwa mkono. Miaka thelathini alitengeneza bunduki za wakulima na walinzi kwa kibali cha serikali. Asubuhi ya kesho angepandishwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia. Kibali kingefutwa, karakana ingetiwa kufuli, na jina lake lingebaki kuwa tusi mtaani.

"Shikamoo, mzee wangu," inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniandikisha na wewe?"

"Nimekuja kuuliza." Alimwonyesha kiuzi ndani ya mfuko wa vielelezo. "Hiki ni nini?"

Mzee akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. "Mimi na kalamu hatuelewani. Bunduki ikiletwa, naifunga uzi. Kila ugonjwa, fundo moja. Nikiutibu, nalifungua. Hiyo ilikuja na matatu."

"Yataje."

"Pini ilikuwa butu, nikaibadilisha. Nyundo ilikuwa haisimami, nikaitengeneza. La tatu ni komeo, kile chuma kinachoshika mtutu usifunguke. Kimelika. Nikamwambia mwenyewe asubiri nipate chuma cha kufaa. Akaniambia nguchiro wanaomlia vifaranga hawasubiri chuma. Akaichukua na fundo lake."

"Komeo likilika, bunduki inafanyaje?"

"Inafunguka, mama. Ukiigonga, inafunguka. Ikianguka chini, inainama katikati kama mtu aliyeshikwa na kiuno. Na ikishafunguka, pini haifiki kwenye risasi. Hailii ng'o."

Inspekta alisogeza kiti karibu. "Na mtu akiishika, akaifyatua?"

"Hapo italia. Lakini komeo halitastahimili ule mshindo. Mtutu utafunguka, umtemee moto mkononi."

"Mkono gani?"

"Ulioshika mtutu. Wa kushoto."

Inspekta aliutazama mkono wake mwenyewe wa kushoto.

"Haya uliwaeleza waliokukamata?"

"Aliuliza nani? Niliulizwa, 'Ilikuwa nzima au mbovu?' Nami sijazoea kusema uongo juu ya chuma."

* * *

Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa amemaliza. Bunduki nzima ilikuwa imefutwa safi. Hata alama ya mwenyewe haikuwepo. Inspekta alihakikisha kuwa haina risasi, akaipeleka uani mwa kituo, akatandika gunia la pumba. Fundi aliketi pembeni, amerudishiwa mkanda wake.

"Idondoshe, sajini."

Ikaanguka, ikafunguka.

"Tena."

Ikafunguka. Kwa ubavu, kwa kitako, kwa mdomo wa mtutu. Mara kumi ilianguka, mara kumi ikafunguka. Sajini alikuwa anatoka jasho, naye alishaacha kumtazama fundi usoni.

"Hii ingelala pale stoo imefunguka, afande," alisema taratibu. "Lakini tuliikuta imefungwa."

"Kamlete mpwa."

* * *

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na bunduki iliyoegemezwa ukutani; sajini na daktari wa polisi walisimama kando ya mlango.

"Haina risasi," inspekta alisema. "Igonge kwa kiwiko, kama alivyofanya mjomba wako."

Kijana alisita, akaigonga. Ikaanguka sakafuni, ikafunguka katikati.

"Funga."

Aliinama, akauinua mtutu, akalibana komeo kwa kidole gumba mpaka likalia. Alipoinuka ndipo alipotambua kwamba mkono wake umemsaliti.

"Umeizoea," inspekta alisema. "Komeo hilo halikubali mpaka ulibane hivyo. Ulisema hukuigusa."

"Labda... labda niliifunga baadaye. Nilichanganyikiwa."

"Ikaanguka, ikafunguka, halafu ikalia ikiwa wazi?"

Kijana aliuficha mkono wa kushoto mgongoni.

"Daktari, mfungue bandeji."

Daktari wa polisi alifungua taratibu. Kati ya kidole gumba na cha shahada ngozi ilikuwa imeungua, na ndani yake punje nyeusi kama ufuta. Alizigusa kwa ncha ya koleo.

"Taa ya vifaranga haina baruti," alisema.

Kijana alikalia kiti kama gunia lililokatwa kamba.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Nimelala na vifaranga wale kuliko nilivyolala kwangu. Mjomba alikuwa ananiambia, 'Mwanangu, haya yote ni yako.' Juzi amemleta binti yake na cheti cha mifugo. Akampa funguo zote mbele yangu. Mimi akaniambia, 'Mwonyeshe swichi ya taa iko wapi.' Swichi niliyoifunga mimi."

"Na fundi alikukosea nini?"

Aliinamisha kichwa. "Hakunikosea. Nilisikia tu bunduki imetoka kwake. Nikajua mzee yule hatasikilizwa."

"Amesikilizwa," inspekta alisema. "Sajini, andika. Na safari hii andika yote."

* * *

Jioni fundi alitoka kwa mlango wa mbele, viatu miguuni, mkanda kiunoni, kibali chake kikiwa mfukoni. Kaunta nzima ilisimama. Sajini alimpa mkono.

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Kosa lako si la roho, ni la ufundi."

Alipekua mfukoni, akatoa kiuzi kingine cha buluu. Akafunga fundo moja, akalikaza kwa meno, akakitundika kwenye daftari la sajini.

"Ugonjwa mmoja. Siku utakayomuuliza mtu, 'Mbovu vipi?', lifungue."

Askari wakaangua kicheko, sajini akiwa wa kwanza. Inspekta naye alicheka, mkono mdomoni, huku akimtazama mzee akivuka barabara kwenda kufungua karakana yake.