Singo kwenye Sikio la Bibi

Kila siku akirudi skuli, Muzdalifa alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akamwita bibi yake aje dirishani penye mwanga. Bibi Rawiya alikaa kitini, akasogeza mtandio, akageuza sikio la kushoto. Muzdalifa alikamua tyubu ya dawa, akatoa kiasi cha punje ya mchele, akaipaka taratibu juu ya kovu jipya. Kazi hiyo ikimalizika ndipo alipopakuliwa chakula chake cha mchana.

Kazi hiyo alipewa yeye kwa sababu iliyojulikana mtaa mzima wa Mkunazini: sikio lile alilirarua yeye. Alipokuwa na miezi minane alikishika kipuli cha bibi yake, kile kizito cha dhahabu, akakivuta kwa nguvu zake zote, na ndewe ya sikio ikachanika pande mbili. Yeye mwenyewe hakukumbuka hata chembe, lakini watu hawakuchoka kumkumbushia. Siku za sikukuu, wageni wakimwona anakuja na sinia la kahawa, waliziba masikio kwa viganja, wakacheka. Muzdalifa naye alicheka, lakini moyoni aliona haya. Alikuwa na miaka kumi na mbili sasa, na bado jina lake lilikuwa mrarua masikio.

Bibi Rawiya hakumlaumu hata siku moja. Alijifunika mtandio wake, maisha yakaendelea. Lakini binti yake wa mwisho, Tamima, alipochumbiwa, Bibi alisema kwenye harusi ya kitinda mimba wake haendi na sikio la mbuzi aliyetiwa alama. Alitaka kuvaa vile vipuli alivyoachiwa na mama yake, na avivae vyote viwili. Basi akaenda kwa Daktari Wakil, kijana aliyefungua kliniki ndogo ya ngozi na upasuaji mdogo huko Bububu. Daktari alimpiga sindano ya ganzi, akalishona sikio kwa muda usiozidi saa moja. Wiki moja baadaye muuguzi wake, Nassra, alitoa nyuzi. Sikio lilikuwa zuri, na Bibi aliporudi nyumbani alilionyesha kwa kila aliyepita barazani, hata muuza mikate.

Daktari alisema wapake ile dawa ya tyubu kwa wiki tatu, wasipake kitu kingine. Miezi miwili ikipita atatoboa tundu jipya, na harusi ingekuwa wiki mbili baada ya hapo. Maelezo mengine yaliandikwa kwenye karatasi, kwa herufi ndogo za Kiingereza. Muzdalifa aliikunja karatasi akaitia ndani ya daftari lake la Hisabati, na huko ikabaki.

Siku tano baadaye, Jumamosi, rafiki yake Ummy alikuja kucheza. Walicheza hospitali, mchezo ambao Muzdalifa sasa alijiona anaujua kuliko watoto wote wa Mkunazini. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanasesere wa Ummy, na wa pili paka wa jirani, ambaye hakutaka kutibiwa. Paka alipofanikiwa kutoroka, masikio yake yaking'aa kwa ile dawa ya Bibi, tyubu ya dawa ilikuwa imelala bapa mezani. Muzdalifa aliikamua, akaikunja, akaikamua tena. Hakikutoka kitu.

Hapo angeweza kwenda kwa mama yake akasema, na mama angemkaripia kidogo, kisha angenunua nyingine. Lakini Muzdalifa alisikia masikioni mwake kicheko cha wageni wa sikukuu. Akaona hawezi kusema kwamba sikio lile lile amelikosea tena.

Sasa nyumba ile ilikuwa na harusi, na nyumba yenye harusi haijui kungoja. Mama yake alikwishaanza kutwanga singo ya bibi harusi: karafuu, liwa, maua ya mawaridi na asumini yaliyokaushwa, vikarowekwa kwa marashi. Tamima alisuguliwa singo hiyo mwilini, na kila aliyemwona alisema ngozi yake imekuwa laini kama ya mtoto. Muzdalifa aliwaza. Kama singo inalainisha mwili mzima, itashindwa na kovu dogo la sikio? Akachota kijiko kimoja, akakificha kwenye kikombe.

Kwa siku nne alimpaka bibi yake singo. Harufu haikumshtua mtu, maana nyumba nzima ilinuka singo. Bibi aliuliza mara moja tu mbona dawa ya siku hizi inawasha. Muzdalifa akamjibu kuwa ndiyo inafanya kazi.

Siku ya tano sikio lilivimba likawa jekundu, na kovu likafumuka. Bibi alijitazama kwenye kioo. Kisha akavaa buibui lake, akamchukua Muzdalifa, mkoba wa skuli ukiwa bado begani, wakenda Bububu.

Daktari Wakil alilitazama sikio kwa taa, akalitazama tena. Alisema uzi alioshonea ulikuwa mzima na kidonda alikifunga mwenyewe, kwa hiyo haelewi. Bibi Rawiya alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo upole aliuacha nyumbani.

"Mie sitoi hata senti," alisema. "Nilishonwa, nikalipa, nikafanya kila nilichoambiwa. Aliyeliharibu ndiye atakayegharimia kulishona tena."

Daktari hakubishana naye. Alisema kliniki yake ina kanuni: kazi ikiharibika kwa mikono yao, mgonjwa halipi kitu, ikiharibika kwa mgonjwa kutofuata maelezo, hulipa upya. Na kwa kuwa Bi Rawiya amefuata maelezo, basi kosa ni la kliniki. Kisha akamgeukia Nassra, akamuuliza kwa sauti ya chini kama siku ile ya kutoa nyuzi vifaa vyake vilikuwa vimechemshwa sawasawa. Nassra alisema anavyokumbuka vilichemshwa. Kisha akasema labda alikosea, hawezi kujua, na kama ni yeye basi gharama ikatwe kwenye mshahara wake.

Muzdalifa alihisi kama ameketi juu ya makaa. Alitoka nje, akasimama penye bomba la maji. Mara Nassra akatoka pia, akanawa uso, akajaribu kutabasamu.

"Usihuzunike, mdogo wangu," Nassra alimwambia. "Bibi atapona. Wewe umemtunza vizuri. Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa na mtu kama wewe."

Kama angemgombeza, Muzdalifa angevumilia. Sifa hiyo ndiyo iliyomshinda. Alirudi ndani, akasimama mbele ya meza.

"Daktari, si Dada Nassra," alisema. "Ni mimi. Dawa niliimaliza kwa mchezo, nikaogopa kusema. Nikampaka Bibi singo."

Daktari aliishusha kalamu.

"Singo?" Bibi aliuliza.

"Naam, Bibi. Ile ya Mama mdogo Tamima."

Bibi Rawiya alimtazama mjukuu wake. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Muzdalifa alidhani analia. Kumbe anacheka.

"Kumbe siku nne zote nnapambwa mie," alisema, "na bwana harusi simjui."

Nassra alicheka mpaka akashika ukuta, na Daktari Wakil akaziba mdomo kwa mkono. Muzdalifa peke yake ndiye aliyelia, na alilia mpaka Bibi akamvuta akamkalisha ubavuni mwake.

Walipotulia, Daktari alieleza kwamba karafuu ni kali, na juu ya kidonda kibichi hukiwasha na kukivimbisha. Kisha akamuuliza Muzdalifa kama hakusoma ile karatasi. Muzdalifa aliitoa kwenye daftari la Hisabati, akajaribu kuisoma, akaelewa maneno mawili tu. Daktari aliichukua akaisoma mwenyewe kimya, na uso ukamshuka. Alikiri kuwa hapo lipo kosa lake pia, kwani amewapa watu maelezo kwa lugha wasiyoweza kuisoma.

Basi likabaki swali la nani alipe. Bibi alisema maneno makubwa aliyoyasema anayarudisha, na atalipa. Daktari alisema asilipe yote. Mwisho walipatana: Bibi atanunua dawa na uzi, Daktari hatadai malipo ya kazi ya mikono yake, na mshahara wa Nassra hautaguswa. Na Muzdalifa, ambaye hakuwa na fedha, atakuja Jumamosi tatu kuandika maelezo mapya kwa Kiswahili na kwa mwandiko mkubwa, ili kila mgonjwa apewe. Nassra aliyatamka, Muzdalifa akaandika. Mstari wa nne aliuongeza mwenyewe: "Usipake singo, liwa, wala kitu kingine cha harusi."

Uvimbe ulipoisha, Bibi alishonwa tena. Sikio lilipona vizuri, lakini siku zilikuwa zimekwenda. Harusi ilifika kabla ya wakati wa kutoboa tundu jipya. Asubuhi ya harusi Bibi alivaa kipuli kimoja kwenye sikio la kulia, na upande wa kushoto akachomeka nyweleni kikuba, kishada kidogo cha asumini. Kisha akamwita Muzdalifa, akamtia mkononi kipuli cha pili kikiwa ndani ya kitambaa.

"Kaa nacho mpaka sikio langu liwe tayari," alisema.

"Mimi, Bibi? Mimi niliyelirarua?"

"Wewe uliyesema kweli. Kukosea hukosea kila mtu, mwanangu. Lakini siku ile ungelinyamazia kosa lako, gharama yake isingepotea. Ingemwangukia Nassra, naye hakukosa kitu. Uliogopa, na bado ukasema. Mtu wa namna hiyo nnaweza kumwekesha dhahabu yangu."

Usiku haujaingia, ngoma ya wanawake ilikuwa imekwishapamba moto uani. Jirani mmoja, mnene na mcheshi, yule aliyekuwa wa kwanza kuziba masikio kila sikukuu, alimuuliza Bibi kama kuvaa kipuli kimoja ndiyo mtindo mpya. Bibi alimweleza yote, tangu paka mpaka singo, na wanawake wakacheka mpaka kanga zikawaanguka. Muzdalifa alingoja mzaha wa zamani uanze.

Yule jirani alikaa akifikiri. Halafu akavua hereni zake, moja baada ya nyingine.

"Hebu, mwanangu, nishikie na hizi zangu," alisema. "Nnataka kucheza."

Mwingine akavua zake, na mwingine. Ngoma ilipomalizika, Muzdalifa alikuwa ameketi mkekani, kitambaa kimejaa hereni za wanawake tisa mapajani mwake. Kila mmoja alirudishiwa zake, na hapana hata moja iliyopotea.