Barua ya Mwenye Nyumba

—Elkana, sema moja. Tumdai ama tumwachilie?

Shirleen alikuwa kwa simu. Ni Mkenya mwenzangu, ajenti anayenisimamia ile nyumba ndogo iliyo nyuma ya yangu hapa Quakers Hill, Sydney. Mimi nilikuwa nimesimama ndani yake, naangalia sakafu iliyopigwa deki ikang'aa. Mpangaji alikuwa ameondoka mwezi mzima uliopita, akaacha funguo juu ya sinki na mkataba wa mwaka mmoja haujafika hata nusu.

Shirleen alinieleza bila haraka. Sheria inaniruhusu kudai kodi ya wiki tatu kama fidia, na naweza kuikata kwa ile bond, amana aliyoweka alipoingia. Naweza kutangaza nyumba leo leo nipate mtu mwingine. Ama nimsamehe tu, hakuna anayenilazimisha kudai.

—Fanya kila kitu sheria inaruhusu, nikamwambia.

—Una uhakika? Si huyu ndiye yule...

—Shirleen, tuma barua.

Jameni, hasira ni kitu kibaya. Mpangaji huyo aliitwa Armelle, na nilikuwa nampenda mpaka naona aibu kuandika hapa.

Alihamia Juni 2021, na wiki hiyo hiyo Sydney ikafungwa. Ni Mrundi, amelelewa kambi ya wakimbizi Tanzania, kazi yake kutunza wazee. Mimi ni muuguzi. Mtaa mzima ulikuwa umejifungia ndani, sisi wawili ndio tulikuwa tunatoka alfajiri kwenda kazini. Tulianza kwa salamu tu, tukafikia chai ya uani, kila mtu na kiti chake mbali na mwenzake. Agosti nikashikwa na Covid. Siku kumi na nne nilizofungiwa, kila asubuhi nilikuta uji mlangoni, na Armelle amesimama kule uani na barakoa yake, haondoki mpaka anione nimeuchukua. Basi, hapo nikaisha.

Oktoba wakatufungulia. Nikamwita, nikamwambia nililokuwa nalo.

—Wacha kulipa kodi. Hamia huku nyumba kubwa tukae pamoja. Mambo ya wazazi tutayapanga baadaye.

Kwetu Nakuru wengi ndivyo wanavyofanya. Mnakaa, mnapata watoto wawili, halafu siku moja mnakumbuka kwenda kuona wazee. Nilidhani nimesema neno tamu kuliko yote niliyowahi kusema. Armelle hakukubali wala hakukataa. Aliniuliza kitu kimoja tu.

—Tonton yangu, unajua hata jina yake?

Nikacheka, nikasema simjui huyo mjomba. Akainuka akaosha vikombe.

Wiki mbili baadaye nilitoka kazini nikakuta nyumba tupu na ujumbe kwenye simu: "Nimerudi kwa tonton, Blacktown. Kama kuna kitu iko kwa roho yako, unajua mahali niko."

Niliusoma kama mwanamume aliyeachwa. Sikujibu. Nikanuna mwezi mzima kama mtoto, mpaka siku ile Shirleen aliponipigia. Barua ikaenda, jina langu chini yake.

Siku kumi baadaye Shirleen akanipigia tena. Alisema Armelle amelipa wiki zote tatu, bond haikuguswa, na hakubishana hata kidogo.

—Watu hubishana, Elkana. Huyu amelipa tu.

Hilo ndilo lililonitia hofu. Nikaendesha gari mpaka Blacktown.

Aliyenifungulia ni mjomba wake mwenyewe, mzee Révérien. Alinikaribisha ndani, akanipa kiti. Barua yangu ilikuwa mezani. Akanieleza taratibu kwamba kwao binti haolewi akiwa tayari yuko kwenye ua wa mwanamume. Anarudi kwa watu wake, na mwanamume anatuma wazee waje wamuombe huko. Armelle alivunja mkataba ili kuwe na mahali pa mimi kubisha hodi. Kuniambia nije hakuweza, binti hajiombei. Jumamosi nne mzee alivaa koti lake, na mkewe akanunua kreti za Fanta za wageni.

—Tulisubiri wazee wako, akasema. Wewe ukatuma ajenti.

Nilikosa pa kuweka macho. Nikaomba nimwone Armelle. Akatoka na sare yake ya kazi, amekonda.

—Armelle, sikujua. Naapa sikujua. Pesa yako nitarudisha yote.

—Usirudishe.

—Kwa nini?

—Barua ilisomwa hapa, mbele ya familia yote. Tonton akaniuliza kama nilikuwa mchumba yako ama mpangaji yako. Nikalipa.

—Mimi nakupenda.

—Na mimi nilikupenda, Elkana. Nililia mpaka mabibi wazee kule kazini wakawa ndio wananibembeleza. Lakini siwezi kukaa na mtu ambaye akikasirika ananiandikia barua.

—Nitaleta wazee Jumamosi hii. Niambie tu kama nije.

Alitengeneza barakoa yake ya kazi.

—Njoo. Tonton ni mtu wa heshima, atakufungulia. Lakini Jumamosi mimi niko kazini.

Nilienda. Nilichukua wazee wawili wa kanisa, Kiprono na mzee Aloys anayejua Kirundi, nikavaa suti ambayo sijavaa tangu nifike Australia. Aloys alisimama akasema maneno yote yanayotakiwa, na mzee Révérien akayajibu moja moja bila haraka. Tulipewa chakula, tukaombewa, tukasindikizwa mpaka kwenye gari. Armelle alikuwa kazini.