Kitambaa Chekundu Kwenye Pembe ya Maua

Nina miaka ishirini na sita. Nina watoto wawili walio hai, na mmoja ambaye sikupata hata nafasi ya kumpa jina. Tunaishi kwenye ferme, shamba la mifugo la familia ya mume wangu, njia ya Masako, hapa Kisangani. Ninaandika haya nikiwa na hasira. Msinihurumie. Someni tu mpaka mwisho, kisha mnitukane mkitaka... mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha!

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Mangobo. Nimekua kwa lituma ya ndizi, majani ya pondu na samaki. Maziwa kwetu yalikuwa ya unga, ya kopo. Nilisoma mpaka nikapata diploma yangu ya Serikali, lakini ng'ombe nilimjua kwenye kitabu na kwenye sahani, basi. Kisha nikaolewa na Papa Dorcas, kama tunavyomwita kwa jina la binti yetu wa kwanza.

Baba mkwe ni mtu wa Kivu ya Kusini, alikuwa mtumishi wa Serikali. Alipoacha kazi akaagiza ng'ombe kutoka Ituri, wakaja kwa lori siku nyingi katika matope. Walifika saba. Watu wa mtaa walikuwa wanakuja kuwatazama kama sinema! Mimi nilikuwa nafunga pua.

Nilipomzaa Exaucé, mtoto wangu wa pili, walinipasua. Sikuweza kuinama wala kubeba ndoo. Ndipo baba mkwe akamwita Nabintu.

Nabintu ni binti wa jirani yao wa kijijini. Si ndugu wa damu. Alikuwa na miaka kama thelathini, na bwana wake alikuwa amemfukuza kwa sababu hakuzaa. Alikuja na kifurushi kimoja na nguo mbili. Siku ya kwanza nilimwonea huruma. Ya pili, alishaanza kuniudhi.

Kwa nini? Kwa sababu kila kitu kilimtii! Ng'ombe walimtii. Anamleta kwanza ndama, anamwacha anyonye kidogo mpaka maziwa yashuke, anamtoa polepole, kisha anakamua huku akiimba kwa lugha ya kwao. Ng'ombe anasimama kama mtu aliye kanisani. Mimi nikipita tu, wananigeuzia matako.

Sawa, ng'ombe ni wanyama. Lakini watoto wangu?

Exaucé hakulala mpaka awe mgongoni mwa Nabintu. Dorcas, ambaye wakati ule alikuwa na miaka minne, aliamka asubuhi na kukimbilia zizini bila kunisalimia. Nabintu, ambaye watoto walimwita tantine, yaani shangazi, alimchemshia maziwa kwenye sufuria ndogo, akayapoza, akamnywesha kwenye kikombe cha plastiki cha bluu. Siku moja nikayachemsha mimi. Yakaungua kidogo. Dorcas akaonja, akakunja uso mbele ya wageni, akasema: "Mama, yako iko na moshi. Ya tantine iko utamu."

Wageni wakacheka. Mume wangu akacheka. Mimi nikacheka pia... kwa meno.

Halafu kuna ile siku Dorcas alianguka kwenye kokoto, goti likachanika. Alisimama akilia. Nilipiga magoti, nikafungua mikono. Akanipita! Ndugu zangu, mtoto niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili alinipita kama mti, akaenda kuficha uso katika kikwembe cha mwanamke mwingine! Je, wewe mama unayesoma, ungefanya nini? Ungepiga makofi?

Tangu siku ile nilianza kuwachunguza, yeye na mume wangu. Sikuona kitu. Lakini mtu mwenye wivu hahitaji kuona, anaongezea mwenyewe. Sikukuu ya Noeli, Papa Dorcas alitununulia mimi na Nabintu liputa, kitenge cha kujifunga, la rangi moja. Jekundu lenye maua meupe. "Musigombane," alisema, na alijiona mwerevu sana! Bibi na mfanyakazi liputa moja? Nililikunja, nikalitupa chini ya sanduku. Nabintu alilivaa kila Jumapili.

Bon. Ng'ombe mmoja aliitwa Maua. Mpole kuliko wote. Alikuwa na mimba kubwa, na asubuhi moja tulikuta ameitupa. Niliona kwa mbali tu. Niliona Nabintu anachana ukingo wa liputa lake, lile la Noeli, na mume wangu ameshika kichwa cha Maua, na Nabintu anafunga kile kipande chekundu kwenye pembe. Vichwa vyao vilikaribiana. Walikuwa wanasema chini chini.

Sikuwauliza. Nilikwenda kumuuliza Mama Chantal, rafiki yangu wa soko, ambaye hajawahi kushika hata mkia wa ng'ombe!

"Nguo bwana yako alinunua mwenyewe?" akaniuliza. "Na yeye ndiye alishika kichwa? Eh, ndeko, ndugu yangu! Iyo ni dawa ya kufunga bwana. Watakufunga weye pamoja na ile ng'ombe. Na weye uko na mimba!"

Ndiyo, nilikuwa na mimba ya miezi minne. Niliondoka sokoni bila kununua kitu.

Juma lile lile, baba mkwe na Papa Dorcas walikwenda Banalia kutafuta ng'ombe dume. Kabla hajapanda pikipiki, mume wangu aliniambia: "Mambo ya maziwa, fwata Nabintu. Atakuelezea." Alikuwa na haraka. Lakini mimi nilisikia nini? Nilisikia: katika nyumba hii, mama ni Nabintu.

Kesho yake alinifuata jikoni. Alisimama mlangoni, ametoka kunawa tu, maji yanadondoka kwenye vidole.

"Mama Dorcas, kuko neno napenda kukuambia, juu ya ile kitambaa ya Maua..."

Nilimkata.

"Nyamaza! Mambo ya kitambaa yako naijua!"

"Papa Dorcas alikuambia?"

"Sihitaji bwana aniambie. Mimi niko na macho. Unaniona mujinga?"

"Hapana, mama. Ni juu ya batoto..."

"Batoto ya nani?" nikapiga kelele. "Batoto ya nani, Nabintu? Wako iko wapi? Enda uzae wako!"

Nilimwona anatazama mikono yake yenye maji, kama vile alikuwa anatafuta mahali pa kuipangusa. Mimi nikaendelea. Nilimwambia bwana wake alifanya vizuri kumfukuza. Nilisema tumbo lake ni jiwe. Yote nilisema, mbele ya watoto! Kisha nikatupa kifurushi chake njiani.

Dorcas alimshika mguu. Nilimbandua kwa nguvu. Nabintu alirudi hatua mbili, akasema kitu kimoja tu: "Basi Mama Dorcas, maziwa ya Maua usi..." Nilifunga mlango. Nilifunga mlango, wasomaji! Sentensi moja ilikuwa imebaki, na mimi niliikata na ubao!

Nilichukua kisu, nikaenda zizini, nikakata kile kitambaa na kukitupa motoni. Niliimba hata wimbo wa kushukuru.

Alors, nikaenda kukamua. Ng'ombe wa kwanza alinipiga teke, ndoo ikaruka. Wa pili akazuia maziwa, hata tone halikutoka. Wala sikukumbuka kumleta ndama anyonye kwanza, maana nilikuwa nimeona kazi ya Nabintu kila siku kwa jicho la kumhukumu, si la kujifunza. Ng'ombe mmoja tu alikubali mikono yangu. Maua. Hakuwa na ndama, alisimama pale anatazama ukuta, na maziwa yakaja. Nikasema, unaona? Dawa imetoka, ng'ombe amenirudia!

Sikuyachemsha. Niliogopa kuambiwa tena yana moshi. Niliyamimina kwenye kile kikombe cha bluu, yana povu, yana joto la mnyama. Dorcas alikunywa yote. Akawa na sharubu nyeupe. Akasema: "Mama, iko utamu!"

Mnajua furaha niliyosikia? Sijawahi kusikia furaha kama ile tangu nizaliwe. Nikanywa na mimi, vikombe viwili, kwa ajili ya mimba. Tulifanya hivyo siku saba. Exaucé peke yake alikataa. Alifunga mdomo, akalia akimtaka Nabintu, kila nikimkaribia na kikombe akageuza kichwa. Nilimchapa kwa hilo. Yule niliyemchapa kwa kukataa ndiye hakuugua.

Mume wangu alirudi. Kabla ya kunisalimia, alitazama zizi.

"Kitambaa ya Maua iko wapi? Na Nabintu?"

Nilimwambia yote, kifua mbele. Nilingoja aone aibu. Badala yake aliketi chini, kwenye udongo, na suruali yake safi.

"Mulikunywa?" akauliza. "Mama Dorcas... mulikunywa?"

Kile kitambaa kilikuwa alama tu. Kwao, ng'ombe akitupa mimba au akipigwa sindano, wanamfunga kitambaa kinachoonekana mbali, ili kila mtu wa nyumba ajue: maziwa haya ni ya kumwagwa shimoni, mtoto asiyaguse. Nabintu alikuwa anamkamua Maua na kumwaga, anamkamua na kumwaga, kila siku! Alichana liputa lake zuri kwa ajili ya watoto wangu, kwa sababu hakukuwa na nguo nyingine nyekundu.

Baada ya majuma matatu, Dorcas akashikwa na homa. Tukasema ni malaria. Dawa ya malaria, homa inapungua, jioni inarudi. Kisha magoti yakaanza kumuuma. Mtoto aliyekuwa anakimbilia zizini alianza kutambaa kwenda mlangoni. Mimi mwenyewe nilikuwa natoka jasho, mifupa inauma, nikajikaza.

Mimba ikatoka. Alikuwa mtoto wa kiume. Sitasema zaidi.

Hospitalini daktari aliuliza mara moja tu: "Kwenu munafuga? Munakunywa maziwa bila kuchemsha?" Nilitazama ukuta, kama Maua. Mume wangu alijibu kwa niaba yangu. Tulipimwa damu: ugonjwa uliomfanya Maua atupe mimba ulikuwa umetuingia kwa maziwa yake; tukaandikiwa dawa za majuma mengi, Dorcas na mimi.

Lakini Dorcas hakutaka dawa. Alitapika, akauma mikono ya wauguzi, akapungua mpaka shingo ikawa kama kamba. Daktari alisema asipomaliza dawa, miguu inaweza kuharibika, na homa inaweza kumchukua. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikalia. Alikuwa anasema neno moja: tantine. Tantine. Tantine.

Mume wangu hakutaka kwenda kumtafuta. Alisema: "Weye ndiye ulifunga mulango. Enda uufungue."

Niliulizia mpaka nikamkuta Nabintu ng'ambo ya mto, Lubunga, anauza mashanza, yale maziwa yaliyoganda, kwa mama mmoja wa kwao. Alikuwa amevaa lile liputa lililochanika ukingo. Nilipiga magoti mbele ya wanunuzi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, yote yakapotea. Nikasema tu: "Dorcas hatembei."

Alifunika ndoo yake, akamwambia yule mama atunze vikombe, akatembea mbele yangu mpaka kwenye mtumbwi. Tulipofika katikati ya maji akauliza: "Alikunywa mingi?"

"Siku saba."

Akafunika uso na mikono.

Dorcas alimeza dawa kwa mkono wa Nabintu. Kila siku, majuma yote yale. Na mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni, natazama. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: hata pale, mtoto wangu anaokolewa mbele ya macho yangu, wivu ulikuwa unaniuma! Mnaona ni mnyama wa namna gani?

Dorcas anatembea sasa. Goti la kushoto linamsumbua kukiwa na baridi ya mvua. Maua alichinjwa na kufukiwa kwa amri ya daktari wa wanyama, na ng'ombe wengine wakapimwa. Baba mkwe hajanitukana hata siku moja. Heri angenitukana.

Nilimwomba Nabintu arudi. Alikaa mwezi mmoja tu, akanifundisha kumleta ndama kwanza, kupasha mikono joto, kuchemsha bila kuunguza. Kisha akafunga kifurushi chake. Nilimsihi kwa ajili ya watoto. Akaniambia bila hasira: "Batoto ni yako, Mama Dorcas. Uliniambia. Ile neno ingali inakaa ndani yangu."

Hajarudi. Ana haki.

Mama mwenzangu, kama una mtu anayependwa na watoto wako, usimchukie kwa hilo. Mtoto anayependwa na wawili ana walinzi wawili. Na mtu akija kukuambia jambo, hata kama unamchukia, mwache amalize sentensi! Umalizie matusi yako baadaye. Na mambo ya ng'ombe muulize mwenye ng'ombe, si Mama Chantal wa sokoni.

Juzi ng'ombe mwingine alivimba chuchu, akapigwa sindano. Nilikwenda chini ya sanduku langu, nikatoa liputa la Noeli ambalo sijawahi kulivaa. Nilichana kipande, nikakifunga kwenye pembe mwenyewe. Kisha nikawaita wote wa nyumba, mmoja mmoja, nikawaeleza. Dorcas alisimama ameshika ukuta wa zizi, akakitazama kile kitambaa kwa muda mrefu.

"Mama, iyo ni ya tantine?"

Jibu la wivu, kwamba ni yangu mimi, lilikuwa tayari ulimini...

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni tantine alinifundisha."