Wa Kumi Nilimtoa Mimi

Saa kumi na nusu jioni giza la majira ya baridi huku Uzunguni lilikuwa limeshaingia, nami nateremka steshini Harrow na mpira wa kriketi mfukoni mwa koti. Sonal, binti wa Dhiren, mrushaji mwenzangu wa timu ya zamani, ndiye aliyeniita. Klabu inaweka maonyesho ya vitu vya babake: kofia, picha, daftari la alama. Uliokosekana ni mpira wa mechi ile, nao ninao mimi.

Nilimpa sharti moja. Jina langu liandikwe kando yake.

Mombasa, 1978, Dhiren alikuwa ameshawatoa wapigaji tisa wa wapinzani kwa kurusha peke yake. Bado mmoja tu awamalize wote kumi. Nahodha akaniamuru: rusha pembeni, mwachie mwenzako. Ndiyo desturi. Mimi nikarusha katikati, nikamtoa wa kumi. Uwanja mzima ukanizomea, isipokuwa Dhiren, aliyenipa mpira ule huku anacheka.

Kicheko chake kilinichoma kuliko zomeo. Nikaupeleka mpira kwa mganga mmoja wa Vanga.

"Mpira huu una mate yake?"

"Umejaa." Sisi warushaji huung'arisha mpira upande mmoja kwa mate.

"Nimfunge nini?"

"Jina. Asikumbukwe na mtu."

Uganga gani ule! Dhiren akazidi kusifiwa hadi magazetini. Mimi, hata imamu wetu huniuliza kila Ijumaa naitwa nani.

Nilimkuta Dhiren nyumbani kwake, kitini, blanketi magotini. Sonal akaenda kutia chai. Nikautoa mpira, nikampa.

Ulikuwa umelowa.

Mfukoni ulikuwa mkavu, naapa. Sasa upande mmoja unang'aa, unadondoka, unanuka kinywa cha mtu aliyelala na njaa...

Dhiren akauachia uanguke blanketini.

"Bado mchafu," alinong'ona. "Nilikuwa nakuonea kinyaa, bwana. Kwetu mate ya mtu hayashikwi. Mimi nilitumia jasho tu. Kutema, ulikuwa ukitema wewe."

Mate yale...

Yalikuwa yangu.

Nikalivuta daftari la alama pale mezani. Wa kwanza hadi wa tisa: Dhiren. Wa kumi... wino ulikuwa mbichi. Unatambaa. Herufi moja moja ya jina langu inajifuta, na mimi natazama.

Sonal akarudi na chai. Kikombe kimoja. Akashtuka kuniona.

"Sorry, uncle... wewe nani? Nani amekufungulia mlango?"

Nikamgeukia Dhiren. Naye alikuwa ananitazama kwa adabu, anasubiri jibu.

Nikafungua kinywa nijitaje.

Kitambulisho ninacho kwenye pochi. Nakisoma kila asubuhi, na nikiifunga tu pochi, jina limeshanitoka. Nilikuwa na roho mbaya, nakubali. Lakini siku ile walitolewa watu kumi, na mmoja nilimtoa mimi. Nani atasema?