Pacha Aliyeachwa Amelala

Fundi cherehani mmoja alikuwa na watoto mapacha wa miezi mitatu, na mume kinyozi. Alipoulizwa ni nani kati ya hao watatu anayemchosha zaidi, hakufikiri hata kidogo. Alimtaja kinyozi.

Mapacha walikuwa na majina mazuri, lakini nyumbani hakuna aliyeyatumia. Mmoja aliitwa Kelele, kwa sababu alilia tangu asubuhi mpaka jioni. Mwenzake aliitwa Kimya. Huyo alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya, akalala tena.

Jumatatu wote wawili walianza kuhara. Kelele alihara mara tatu, akalia weee, akanyonya. Kesho yake alikuwa mzima. Kimya alitapika kila alichonyonya. Alihara maji matupu, nepi baada ya nepi, mpaka kamba ya kuanikia ikajaa.

"Meno hayo," alisema kinyozi, huku akipiga pasi shati lake la kazi.

"Meno gani? Hebu mchungulie mdomoni. Umeona jino?"

"Yanakuja, yako ndani. Halafu acha kumnyonyesha. Unamjazia tumbo, ndiyo maana linamwaga."

Fundi akasonya. Lakini usiku kucha hakuwa amelala, na mtu aliyechoka husikiliza hata upuuzi. Asubuhi ile yote hakumpa Kimya ziwa. Jambo hilo lilimuuma sana baadaye.

Saa sita mchana Kimya alilia bila machozi. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Fundi akamnyakua.

"Kliniki! Sasa hivi!"

"Ngoja nimalize shati la kesho."

"Shati linaumwa hilo?"

Kinyozi akachomoa pasi, akambeba Kelele, akamfuata mkewe.

Kliniki walimkuta muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani. Alifinya kidogo ngozi ya tumbo la Kimya. Ilirudi polepole mno. Muuguzi hakupoteza muda. Alimwekea dripu palepale.

"Amepungukiwa maji sana," alisema. "Mngechelewa mpaka jioni, sijui. Haya, kadi zao."

Fundi akatoa kadi mbili. Muuguzi akafungua ya kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Akafungua ya pili, akakunja uso.

"Huyu hakupata chanjo za wiki ya sita. Wala za wiki ya kumi. Kulikoni?"

Fundi akamgeukia mumewe. "Si wewe uliyewaleta?"

Kinyozi akakuna kichwa. "Nilimleta Kelele. Huyu alikuwa amelala. Nikaona huruma kumwamsha, nikamwachia dada yangu."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili pia alikuwa amelala."

"Na ukaniambia wote wamechanjwa!"

"Ningekuambia ukweli, ungefoka."

"Kwani sasa nafanya nini?" Fundi alifoka mpaka akina mama kwenye foleni wakageuka.

"Sikiliza basi, mama watoto. Mimi nilidhani mmoja akipata, mwenzake naye anapata kinga. Si walikaa tumbo moja?"

Muuguzi akavua miwani. "Baba, wewe ni kinyozi. Ukinyoa kichwa cha pacha mmoja, cha mwenzake kinanyoleka?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, kinyozi aliona aibu.

"Kuna kirusi kinaitwa rota," muuguzi alieleza. "Hakionekani kwa macho. Kinatoka kwenye kinyesi cha mtoto mgonjwa. Kinabaki mikononi, kwenye nguo, kwenye vitu vya kuchezea. Mtoto akitia mkono mdomoni, kimeingia."

"Lakini nyumba yangu ni safi!" Fundi alikaribia kulia. "Nadeki mara mbili kwa siku!"

"Naamini, mwanangu. Endelea hivyo. Nawa mikono kwa sabuni kila ukishabadilisha nepi. Ila kirusi hiki ni kikaidi, kinaingia hata nyumba safi. Ndiyo maana tunatoa chanjo yake. Ni matone ya mdomoni tu. Mwone Kelele. Aliugua kidogo, basi. Mara nyingi watoto waliopata chanjo hawazidiwi."

Fundi akamtazama Kimya, huku dripu ikidondoka. "Ataharibika akili?"

Muuguzi hakumficha. "Mtoto akihara sana, tena mara kwa mara, chakula hakikai mwilini. Anakonda, anadumaa. Ubongo nao unahitaji chakula hichohicho. Anaweza kuchelewa kukaa, kutambaa, hata kusema. Huyu ana nafasi nzuri ya kupona, mkifuata maelekezo. Kwanza, mnyonyeshe, hata akiwa anahara. Nani alikuambia uache?"

Fundi alimnyooshea mumewe kidole.

"Nilijua," alisema muuguzi. Akampa pakiti za ORS za kurudisha maji mwilini na dawa ya zinki, za kutumia wakirudi nyumbani. "Pakiti moja, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Zinki kila siku kwa siku kumi, hata akiacha kuhara. Akilegea au akikataa kunyonya, mlete siku hiyohiyo."

"Na chanjo?" kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo. "Si muda umepita?"

"Hilo msiamue nyumbani. Akipona mlete, sisi tutaangalia umri wake."

Kimya alilazwa palepale kliniki, na siku ya tatu akaruhusiwa. Mtoto alipopata nguvu, kinyozi alimpeleka mwenyewe. Muuguzi aliangalia umri, akaona bado anaruhusiwa, akampa matone pamoja na chanjo nyingine alizozikosa. Mwezi uliofuata akamalizia dozi ya pili ya matone.

Lakini fundi hakutulia. Kelele alikaa mwenyewe alipofika miezi sita. Kimya alikuwa bado anaanguka ubavu kama mto wa kulalia. Kila alipoanguka, fundi alimtazama kinyozi kwa jicho kali, na kinyozi akainama. Alifunga kibanda chake cha kunyolea mapema kila siku, akalala kwenye mkeka, akamchezesha na kumsemesha mwanawe. Fundi alimnyonyesha, akamlisha uji alioelekezwa kliniki, na kila mwezi akampeleka kupimwa uzito.

Siku moja, Kimya akiwa na miezi saba na nusu, fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Mtoto alikuwa amekaa katikati ya vipande vya vitambaa. Hakuna aliyemshika. Kinyozi alikuwa kando, ametanua mikono, haamini.

Kimya hakuanguka.

Fundi akaangua kilio.

"Sasa unalia nini?" kinyozi alishangaa. "Mtoto si amekaa?"

"Nalia kwa sababu amekaa, wewe mtu!"