Neno Moja la Siri kwa Kompyuta Nne

Esnah alitunza kumbukumbu za wagonjwa katika kliniki ndogo huko Ikonge. Kompyuta zilikuwa nne: ya mapokezi, ya daktari, ya maabara na ya dawa. Zote ziliunganishwa kwenye mtandao mmoja.

Alipojifungua, barabara ya kutoka kwao Ekerenyo ilikuwa tope tupu. Akaomba kufanya kazi nyumbani.

"Sawa, bora kazi iende," alisema Daktari Momanyi, mwenye kliniki.

Esnah akafungua njia ya kuingia kompyuta zote nne kupitia intaneti. Akazipa neno moja la siri, jina la kliniki na 123, ili asilisahau. Miezi mitano ikapita salama. Akarudi kazini, lakini ile njia hakuifunga.

Jumanne moja aliwasha kompyuta akakuta maandishi mekundu yanayodai pesa. Wezi wasiojulikana walikuwa wamefunga faili zote za wagonjwa. Akakimbilia kompyuta ya daktari. Vilevile. Ya maabara, vilevile.

Saa nne haijafika, mtu wa boda boda akamleta mzee Onsongo, mkulima wa chai. Alikuwa na homa kali ya mapafu, anaweweseka.

"Esnah, nifungulie faili yake!"

"Haifunguki, Daktari. Hakuna hata moja inayofunguka."

"Kuna dawa inayomdhuru?"

Esnah alijua kuna jambo aliloliandika humo. Lakini wagonjwa walikuwa mamia. Hakukumbuka.

Nyamusi, mke wa mzee, alikuwa shambani akichuma chai. Simu yake haikupatikana. Daktari hakuweza kungoja zaidi. Akamdunga mzee penisilini. Punde uso wa mzee ukavimba, pumzi zikakatika. Daktari alihangaika naye, lakini mzee akakata roho.

Nyamusi alipofika, aliuliza jambo moja tu.

"Si niliwaambia ile dawa inamdhuru? Si mliandika?"

"Tuliandika, mama," Esnah alisema.

Kesho yake fundi wa kompyuta, Phanice, akaja kutoka Kisii mjini.

"Nani alifungua njia hii?"

"Ni mimi." Esnah akalia.

Phanice alingoja anyamaze. "Kuingia kutoka mbali si kosa, dada. Kosa ni kuiacha njia wazi kwa dunia nzima. Wezi hawa hata Ikonge hawaijui. Wana programu zinazojaribu maneno ya siri bila kuchoka. Lako lilikuwa jepesi. Tena lilikuwa moja, kwa hivyo aliyeingia kompyuta moja aliingia zote."

"Sasa nifanyeje?"

"Tunaifunga. Tutaweka njia ya faragha, na kila mtu awe na neno lake, refu, asimpe mwenzake. Ukiingia, simu yako itakuuliza kama ni wewe. Usipokubali, hakuna anayepita. Na ukiwa nyumbani unahitaji kompyuta ya mapokezi tu. Zile tatu zisiingiwe kutoka mbali."

"Na faili?"

"Hizi siwezi kuzirudisha. Tunafuta kila kitu tuanze upya. Kuanzia sasa, kila jioni nakili faili kwenye diski, uichomoe, uifungie kabatini. Kitu ambacho hakijaunganishwa, mwizi wa mtandaoni hakifikii. Na dawa inayomdhuru mgonjwa iandikwe pia kwenye kadi, akae nayo."

Esnah aliwaita wagonjwa mmoja mmoja, wengine akawauliza kwa simu, akaandika upya. Ilimchukua miezi mitatu. Wengine hawakurudi kamwe.

Sabato moja alasiri, ametoka kanisani, simu ikamuuliza: ni wewe unayeingia? Hakuwa yeye. Akabonyeza "Hapana", akampigia Phanice, wakabadilisha neno lake papo hapo. Jumatatu kompyuta zote nne ziliwaka, faili zote zimo.

Wiki hiyo Nyamusi alikuja, mara ya kwanza tangu mazishi. Kifua kilikuwa kinambana. Aliketi bila kusalimia.

"Faili yangu iko?"

"Iko, mama, vile ulivyonieleza kwa simu."

"Nisomee."

Esnah akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, naye Nyamusi akasikiliza hadi mwisho.